Jinsi ya kufremu jezi ya kumbukumbu ikadumu: mwongozo kamili kwa mashabiki wa Kigoma

Kila inapokaribia sherehe ya klabu, meza yangu ya kazi hapa Mwanga, Kigoma, hujaa fremu zilizoharibika. Moja ina madoa ya njano kifuani. Nyingine namba yake imeng'ang'ania kioo. Nyingine imeota vidoa vyeusi vya ukungu kwapani. Mwenye nayo huniuliza swali lilelile: "Fundi, si niliifremu ikiwa mpya kabisa?"

Nikiifungua nakuta makosa matatu, mara nyingi yote kwa pamoja: imegandishwa kwa gundi, imegusana na kioo, na ilifungiwa ikiwa na unyevu.

Nimeandika haya sasa kwa sababu tarehe 25 Julai 2026 ni miaka mitano tangu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ichezwe hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba ikaifunga Yanga bao 1-0 kwa kichwa cha Taddeo Lwanga. Mwaka huohuo wa 2026 Simba inatimiza miaka 90 tangu 1936, na Yanga, iliyoanza 1935, ilitangulia kwa mwaka mmoja. Jezi zilizovaliwa jukwaani siku ile bado zimo makabatini, Ujiji, Gungu, Katonga na Kibirizi. Wenye nazo wanataka kuzitundika. Ninaomba wazitundike vizuri.

Kanuni ya kazi nzima ni moja: kila utakachoifanyia jezi kiweze kutenguliwa. Ukiona hatua isiyoweza kurudishwa nyuma bila kuacha alama, usiifanye.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujagusa jezi. Kazi ikikatika katikati kwa kukosa uzi, jezi hubaki wazi mezani inakula vumbi.

- Beseni mbili, sabuni ya maji ya kufulia isiyo na jiki ndani yake, na sabuni ya kuoshea vyombo.
- Maji ya mvua yaliyochujwa, au maji ya kunywa ya chupa, lita 3 hadi 5, kwa suuza ya mwisho.
- Mataulo mawili meupe.
- Plaiwudi ya milimita 6 kwa ajili ya ubao wa nyuma.
- Foili ya jikoni, ile ya kufungia chakula.
- Kitambaa cha pamba cha marekani, mita 2, kilichofuliwa mara mbili bila kutiwa manukato wala wanga.
- Plastiki ngumu yenye mirija ndani, ile ya watengeneza mabango. Omba mabaki yanayotosha ukubwa wa jezi.
- Pamba ya polista ya kujazia mito.
- Sindano nyembamba isiyo na kutu, na uzi wa polista wa rangi ya jezi.
- Fremu ya sanduku, yaani yenye kina, angalau sentimeta 5.
- Kioo cha milimita 3, au plastiki ngavu ikiwa fremu itasafirishwa au nyumba ina watoto wadogo.
- Vijiti vya mbao vya sentimeta 2 kwa 1 vya kutenga kioo.
- Karatasi ya kuokea keki, wavu mwembamba wa dirisha, futi kamba, penseli na simu yenye kamera.

Sasa vitu ambavyo havipaswi hata kuwepo mezani: gundi ya aina yoyote, gamu ya viatu, utepe wa gundi wa pande mbili, silikoni mbichi, sponji ya godoro na pini za chuma cha kawaida.

Gundi hubadilika rangi kwa joto na huzama kwenye nyuzi. Baada ya miaka miwili unaiona upande wa mbele kama doa la chai. Sponji huanza njano, kisha hugeuka unga unaonata. Pini hushika kutu haraka kwenye hewa ya ziwani, na kutu haitoki kwenye kitambaa cheupe. Silikoni ya kawaida hutoa harufu ya siki inapokauka. Hiyo ni asidi, nayo ikifungiwa ndani ya fremu haina pa kwenda isipokuwa kwenye jezi.

## Hatua ya 1: Amua kama jezi itafuliwa au la

Watu wengi huruka hatua hii, ndiyo maana naiweka mwanzo.

Jezi yenye saini ya mchezaji usiifue. Wino wa kalamu ya kuandikia mabango huonekana mkavu, lakini sabuni na maji huuamsha ukasambaa. Ukitaka uhakika, lowanisha kipande cha kitambaa cheupe, kikamue, kibonyeze kwenye ncha ndogo ya saini kwa sekunde 10. Kikitoka na rangi hata kidogo, jezi hiyo ni ya kupunga upepo kivulini na kupigwa brashi laini tu.

Jezi yenye tope la siku ya mechi nayo fikiria mara mbili. Nina mteja aliyechezea timu ya mtaa fainali ya kombe la kata. Tope lililo kwenye goti la bukta yake ndilo kumbukumbu yenyewe. Tuliliacha. Tulichoondoa ni jasho la kwapani na shingoni, kwa kitambaa chenye unyevu, sehemu kwa sehemu.

Nyingine zote zifuliwe, hata kama "ilivaliwa mara moja tu". Ukungu hauli polista. Unakula jasho, mafuta ya mwili na sabuni iliyobaki kwenye nyuzi. Jezi iliyovaliwa saa 3 jukwaani Julai ina chakula cha kutosha cha kuulisha ukungu.

## Hatua ya 2: Piga picha na uandike habari zake

Kabla ya maji, itandaze jezi juu ya shuka jeupe mchana, karibu na mlango, uipige picha mbele, nyuma, lebo ya ndani, na kila doa au mkwaruzo.

Kisha chukua karatasi na penseli. Andika nani aliivaa, siku gani, alikaa wapi uwanjani, aliinunua wapi, alikuwa na nani. Penseli, kwa sababu wino hufifia na kuvuja ukipata unyevu, na risasi ya penseli haifanyi hivyo. Usiandike "jezi ya fainali" ukaishia hapo. Andika kama unamwandikia mjukuu: "Nilikaa jukwaa la mashariki na kaka yangu, tuliingia saa nne asubuhi tusikose nafasi."

Jezi ya namna moja huchapwa kwa maelfu. Karatasi hiyo ndiyo inayoifanya iwe yako peke yako, na niseme wazi, ndiyo ninayoithamini kuliko muhuri wowote wa "toleo maalumu". Kadhalika sijali sana kama jezi ni ya duka la klabu au ya mnadani. Kama uliivaa siku ile, ni ya siku ile.

Kama una tiketi au risiti ya kiingilio, ichunguze. Kwaruza kona ya upande wenye maandishi kwa ukucha. Ikitokea mstari mweusi, hiyo ni karatasi ya joto, ile ya mashine za risiti, na maandishi yake yatafutika yenyewe. Itolee kopi leo. Kopi ndiyo itakayoingia kwenye fremu. Ya asili iweke kwenye bahasha ya karatasi, gizani, mbali na plastiki.

## Hatua ya 3: Fua

Igeuze ndani nje. Namba na nembo zikielekea ndani hazisuguani na kuta za beseni.

Tia maji ya baridi na kifuniko kimoja kidogo cha sabuni ya maji. Koroga kwanza, ndipo uzamishe jezi. Ibonyezebonyeze kwa viganja dakika 5, usisugue wala usikamue kwa kupinda. Kupinda ndiko kunakopasua namba. Usiiache ndani ya maji usiku kucha. Dakika 15 zinatosha, na nyekundu iliyokaa sana majini inaweza kuchafua nyeupe ya kola.

Suuza mara tatu au nne mpaka maji yasiteleze kwenye vidole. Suuza ya mwisho ndipo unapotumia yale maji ya mvua au ya chupa. Maji ya ziwa letu yana madini mengi, na ya visima vingine yana chuma. Yakikaukia kwenye kitambaa cheusi au kijani huacha utando mweupe unaofanana na chumvi, na yale ya chuma huacha wekundu wa kutu.

Jiki, hapana. Hata kwenye jezi nyeupe. Inaila gundi inayoshika namba, na wakati mwingine nyeupe hugeuka njano.

### Doa la mawese

Hili nalipa nafasi yake, maana kwetu jezi ya sherehe bila tone la mawese ni nadra. Migebuka ya kukaanga, ugali, shangwe ya bao, na doa la machungwa kifuani.

Polista inapenda mafuta na kuyashika kuliko pamba inavyoyashika. Kwa hiyo maji na sabuni ya kawaida hayatoshi. Ondoa kwanza mafuta ya juu kwa mgongo wa kijiko, bila kusugua. Kitambaa kikiwa kikavu, paka sabuni ya vyombo isiyochanganywa na maji juu ya doa na upande wa ndani pia. Acha dakika 15. Weka taulo jeupe chini, bonyeza kwa kitambaa kingine kutoka upande wa pili, ili mafuta yatoke kwenda kwenye taulo badala ya kutawanyika. Suuza. Rudia, hata mara tatu.

Mafuta yakiisha, mara nyingi hubaki kivuli cha rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi asilia ya mawese, nayo haipendi mwanga. Jezi ikiwa bado mbichi, ianike upande wa doa kwenye jua la asubuhi kwa nusu saa, kisha uihamishie kivulini. Nusu saa haitachujua jezi. Miaka mitano mbele ya dirisha ndiyo inayochujua.

Onyo: doa likiwepo, pasi isikaribie. Joto hulipika doa ndani ya nyuzi, na hapo hata mimi sikusaidii.

Utajua umefaulu jezi ikiwa haina harufu yoyote. Si ya jasho, si ya dagaa, si ya sabuni. Harufu ya sabuni maana yake suuza moja zaidi.

## Hatua ya 4: Kausha mpaka ikauke kweli

Itandaze juu ya taulo kavu, ikunje pamoja na taulo kama mkeka, bonyeza, kunjua. Kisha ilaze juu ya taulo jingine kivulini penye upepo. Usiitundike kwa henga: maji yanashuka kwenye pindo na kulivuta, na mabega yanatoka nundu.

Sasa subiri siku 2 wakati wa kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, subiri siku 4. Mkono utakudanganya kwamba imekauka saa tatu tu baada ya kufua, lakini mishono, kola na nyuma ya namba hubaki na maji muda mrefu.

Kipimo changu ni hiki. Ingiza jezi kwenye mfuko mkubwa wa plastiki ngavu, ufunge, uache saa 2 mahali penye joto ila pasipo jua kali. Mfuko ukifanya umande ndani, toa jezi, rudisha kwenye hewa. Kipimo hiki kimoja kingeokoa nusu ya fremu zinazoletwa kwangu.

Kama ratiba yako inaruhusu, kazi yote ifanyike kati ya Juni na Septemba. Hewa unayoifungia ndani ya fremu mwezi wa Agosti si sawa na ya mwezi wa Desemba.

Mikunjo iliyobaki inyooshe kwa mvuke wa mbali au pasi ya chini kabisa, jezi ikiwa ndani nje, na karatasi ya kuokea katikati. Juu ya namba usipitishe kabisa.

Na kama namba imeanza kubanduka? Iache ilivyo au ishikilie kwa mishono midogo sana pembezoni, kwenye kitambaa, bila kutoboa namba yenyewe. Usiweke gundi ya haraka. Hukauka ngumu kama kioo, na jezi ikijikunja kidogo tu inakatika palepale.

## Hatua ya 5: Tengeneza ubao

Ilaze jezi kama unavyotaka ionekane. Mimi napendelea mikono iliyorudishwa nyuma nusu, kwa sababu ikitandazwa yote fremu inakuwa pana kuliko ukuta wa sebule nyingi. Pima upana na urefu, ongeza sentimeta 6 kila upande. Jezi yenye upana wa sentimeta 54 na urefu wa 74 inahitaji ubao wa 66 kwa 86.

Kata plaiwudi. Ifunike yote kwa foili, upande wa mbele na kingo, ukiikunja nyuma na kuibana kwa steplaa. Plaiwudi hutoa mvuke wa gundi yake kwa miaka. Foili inauzuia usifike kwenye jezi. Gharama yake ni ndogo mno kwa kazi inayofanya, na bado sijaona fremu iliyotengenezwa kwingine, si mezani kwangu, ikiwa nayo.

Juu ya foili vuta kitambaa cha marekani, kikaze, bana kwa steplaa nyuma. Chuma cha steplaa kibaki mgongoni tu.

Kisha tengeneza kifua. Kata ile plastiki ya mabango iwe na umbo la jezi lakini ndogo kwa sentimeta 1 kila upande, na kona zote ziwe za mviringo. Ifunike kwa tabaka jembamba la pamba ya polista, halafu marekani. Iingize ndani ya jezi. Bila kifua, jezi hulegea na kuonekana kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nacho, inasimama kama imevaliwa.

Mikono nayo itie pamba kidogo, ili pale inapokunjwa pawe na mviringo badala ya mkunjo mkali. Mkunjo mkali ukikaa miaka 10 hukatika.

Utajua umefaulu ukiitazama kutoka hatua tatu: mstari wa pindo umenyooka, nembo haijapinda, na hakuna mahali kitambaa kimevutika hadi kung'aa.

## Hatua ya 6: Shona

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye gundi. Nakuomba usirudi. Kushona jezi moja ni saa moja na nusu ya kazi, kwa mtu asiyejua kushona.

Shona kwenye mishono ya jezi pekee: mabegani, kwenye mshono wa kola, ubavuni na kwenye pindo la chini. Sindano ipite kwenye kile kitambaa kilichokunjwa ndani ya mshono, isitoboe uso wa jezi. Hapo kitambaa ni cha tabaka mbili, kina nguvu, na tundu halionekani.

Anza mabegani. Uzito wote wa jezi unaning'inia hapo, kwa hiyo weka mshono kila sentimeta 2. Ubavuni na pindoni kila sentimeta 4 zinatosha. Toboa plaiwudi kwanza kwa keekee yenye ncha nyembamba, au, kama huna, shona kwenye marekani peke yake ukihakikisha imekazwa vizuri.

Usikaze uzi. Mshono ushike, usibane. Na usitumie uzi wa viatu kwa kudhani unaimarisha. Uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, siku fremu ikianguka kitambaa ndicho kitakachochanika.

Usikate lebo ya ndani. Ionekane au ifichwe, ibaki.

Ukimaliza, usimamishe ubao wima ukutani usiku kucha kabla ya kufunga kioo. Asubuhi angalia kama bega limeshuka au pindo limefanya tumbo. Ongeza mishono pale panapolegea.

## Hatua ya 7: Funga fremu

Kama fremu imepakwa vanishi au rangi, iache ipumue nje wiki 2 kabla ya kuitumia. Kama kuna silikoni yoyote ilitumika kwenye kona, wiki moja, na uinuse: ukisikia siki, bado.

Kioo kisafishe kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa kupulizia dawa ndani ya fremu. Kikaushe, kiache nusu saa.

Pigilia vijiti vya kutenga kuzunguka ukingo wa ndani ili kati ya kioo na sehemu ya jezi iliyoinuka zaidi, yaani kifua au namba, ibaki nafasi ya angalau sentimeta 1. Hili si la urembo. Usiku wa mvua kioo hupoa kuliko hewa ya ndani na kufanya umande. Jezi ikigusa kioo inakunywa umande huo kila usiku, na namba za mpira hulainika kwa joto la mchana zikashikana nacho. Niliwahi kujaribu kutenganisha jezi na kioo kwa mteja mmoja. Jina la mchezaji lilibaki kwenye kioo.

Ingiza ubao. Mgongoni funika kwa plaiwudi nyembamba, na hapo toboa matundu mawili ya milimita 6, moja chini na moja juu, uyazibe kwa wavu wa dirisha. Fremu itapumua bila kuingiza mende. Baadhi ya mafundi wenzangu huziba kila kitu na kutia vifuko vya chembechembe vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Vifuko hivyo hujaa maji ndani ya wiki chache, na baada ya hapo havinyonyi tena chochote. Siviamini.

Ile karatasi ya historia iingize kwenye bahasha ya karatasi, ibandike mgongoni nje ya fremu kwa pini ya mbao au uzi. Nyuma andika pia kwa penseli mwaka uliofremu na kwamba jezi imeshonwa, haikugandishwa. Fundi atakayeifungua miaka 20 ijayo atakushukuru.

## Hatua ya 8: Chagua ukuta

Mwanga unauma rangi polepole na haurudishi. Nyekundu ndiyo inayoonekana kuchuja mapema. Usitundike mkabala na dirisha wala mlango unaopigwa na jua la jioni kutoka upande wa ziwa. Ukuta wa ndani, unaogawa vyumba viwili, ni bora kuliko ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Jikoni, hapana; moshi na mvuke wa mafuta hupita hata kwenye tundu la sindano.

Nyuma ya fremu, kwenye kona mbili za chini, weka vipande vya mbao vya sentimeta 1 ili hewa ipite kati yake na ukuta. Fremu iliyolala bapa ukutani hukusanya unyevu mgongoni, na mchwa wetu huupenda mgongo wa aina hiyo. Pitisha mkono nyuma mara moja kwa mwezi. Ukigusa udongo mkavu wa mchwa, shusha fremu saa hiyohiyo.

## Ukaguzi, na ukungu ukitokea

Kagua mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Septemba kabla ya mvua, na mwishoni mwa Mei zinapokwisha. Tazama kwa tochi ya simu iliyoelekezwa kwa ubavu, si kwa mbele. Mwanga wa ubavu unaonyesha ukungu ukiwa bado kama vumbi la unga.

Ukiuona, shusha fremu, ifungulie nje ya nyumba ukiwa umejifunga kitambaa puani. Acha jezi ikauke kabisa kivulini siku 2, kisha ondoa ukungu kwa brashi laini, ukiupeleka mbali na wewe. Usiusugue ukiwa mbichi, utauingiza kwenye nyuzi. Kata mishono, fua upya kama Hatua ya 3, badilisha kitambaa cha marekani, anza tena. Kwa kuwa ulishona, ni kazi ya siku chache. Aliyegandisha hana njia hiyo.

## Kama fedha ya fremu haijapatikana

Usikimbilie fremu mbovu. Fua, kausha, weka karatasi ya kuokea ndani kati ya mbele na nyuma na nyingine juu ya namba, ikunje kwa mviringo kuzunguka pamba ya polista, itie kwenye foronya ya pamba. Si kwenye mfuko wa nailoni. Plastiki laini hunata na namba na hufungia unyevu. Kabati liwe la juu, mbali na sakafu. Itakusubiri.

Kwa wenye kanga za kumbukumbu, njia ni hiihii, isipokuwa pamba huchuja. Jaribu kwanza kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye pindo, na kanga usiitie kifua. Itundike ikiwa bapa, ikiwa imeshonwa ukingo wa juu wote.

## Kuisafirisha kwenda kwenye maonyesho

Kama matawi yenu yanakusanya jezi sehemu moja kwa sherehe, au unaipeleka Tabora kwa treni, bandika utepe wa karatasi juu ya kioo kwa umbo la msalaba mara mbili, ili kikivunjika vipande visiichane jezi. Ifunge kwa blanketi. Isafiri wima, kama inavyotundikwa, ikiegemea ukuta wa behewa na siyo kulazwa chini ya magunia.

Ukifika, usiifungue blanketi mara moja. Iache chumbani hadi kesho yake asubuhi, kioo kizoee hewa ya pale, ndipo uifungue na kuitundika.